Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, COSTECH, TCU na wakuu wa vyuo: kompyuta za utafiti tunazo, tupeni masomo ya kuziunganisha

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), Katibu Mtendaji wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), pamoja na Makamu Wakuu wa vyuo vyetu vyote vya umma na binafsi, shikamooni.

Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo hili likienda kwa barua ya kawaida litakaa masjala, na pia nataka vijana wenzangu walioko kwenye masta na PhD wasome waone kama nimewasemea. Kila mjadala wa sayansi na kompyuta hapa nchini naona unaishia kwenye kununua, lini Tanzania itakuwa na kompyuta kubwa ya utafiti, itagharimu shilingi ngapi, ikae Dar au Dodoma. Sipingi kununua, ila naona tumeanzia mwisho. Ombi langu ni hili, anzisheni masta na PhD ya pamoja, ya vyuo kadhaa kwa mpigo, inayofundisha watu kuchukua kazi kubwa ya kisayansi na kuigawanya kwenye kompyuta nyingi za kawaida zilizounganishwa kwa mtandao, na hao wanafunzi wajifunzie kwenye mashine ambazo tayari ziko vyuoni kwetu na usiku hazina kazi.

Nilisoma masta ya hisabati kwenye chuo kimoja, jina naliacha. Utafiti wangu ulikuwa modeli ya malaria, yaani unaandika programu inayoigiza kijiji, watu wake, mbu wake, mvua yake, vyandarua vyake, halafu unaiendesha uone ukigawa vyandarua mwezi fulani wagonjwa wanapungua kiasi gani. Sasa modeli kama hii ukiiendesha mara moja haikwambii kitu, maana namba nyingi unazoingiza huna uhakika nazo, mbu anaishi siku ngapi, mtu mwenye kinga anaambukiza wengine kwa kiasi gani, kwa hiyo inabidi uiendeshe mara elfu na zaidi huku unabadilisha hizo namba kidogo kidogo, ndo upate jibu pamoja na kiwango cha mashaka yake. Mimi nilikuwa na laptop tu. Supavaiza akanishauri tupunguze, tukapunguza idadi ya majaribio, tukapunguza na ukubwa wa kijiji, nikadifendi nikapita na tasnifu iko maktaba, lakini swali nililokuja nalo mwanzoni halikujibiwa mpaka leo. Na muda wote huo ukuta wa pili kulikuwa na maabara ya kompyuta, mashine kama sitini hivi, ikifika saa kumi na moja jioni inapigwa kufuli mpaka asubuhi, likizo ndo haifunguliwi kabisa.

Chukueni kalamu tupige hesabu. Tuseme kuendesha modeli mara moja ni saa 6, na unataka mara 1,000. Kompyuta moja ikifanya kazi bila kupumzika ni saa 6,000, yaani siku 250. Sasa weka kompyuta 60, zifanye kazi kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi peke yake, kila moja inamaliza mara 2 kwa usiku, jumla ni 120, usiku wa 9 kazi imekwisha. Mchana wanafunzi wa digrii ya kwanza wanatumia maabara yao kama kawaida na hakuna kilichonunuliwa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison, Marekani, walianza 1988 na programu iliyoitwa Condor, siku hizi HTCondor, chini ya profesa Miron Livny, na walichokiona ni hicho hicho, kwamba kompyuta za maofisini muda mwingi hazifanyi kitu. Programu inakaa kwenye kila mashine, mashine inajitangaza kwa kompyuta moja inayoratibu kwamba nipo, nina memori kiasi hiki, hakuna mtu kwenye kibodi, na kazi iliyoko foleni nayo inasema inahitaji nini, basi hiyo inayoratibu inazikutanisha. Mwenye kompyuta akirudi akagusa kibodi kazi inasimama au inahamishiwa kwingine. Programu ni bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, mtu anaidaunlodi leo hii akitaka.

Kinachoniuma zaidi ni malaria yenyewe. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na mradi unaitwa malariacontrol.net, wa taasisi ya afya ya kitropiki ya Uswisi pale Basel, ukitumia mfumo wa BOINC uliotengenezwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mtu wa kawaida nyumbani kwake Ulaya au Marekani anaruhusu kompyuta yake ifanye hesabu wakati haitumii, matokeo yanarudi Basel. Na hesabu zenyewe zilikuwa za malaria ya Afrika, zikiegemea data za uwandani zikiwemo za bonde letu la Kilombero, vijiji kama Namawala, maana Waswisi wamefanya kazi Ifakara tangu miaka ya 1950. Nawashukuru waliofanya kazi ile kwa moyo mzuri, na matokeo yake yamesaidia watu kufikiri kuhusu chanjo na vyandarua. Lakini jiulizeni wakuu wangu, damu imetolewa Kilombero, mbu wamekamatwa Kilombero na vijana wetu waliokesha kwenye majaruba, halafu hesabu ikapigwa na kompyuta ya mstaafu wa Ulaya asiyejua Ifakara iko wapi, na za kwetu zimefungwa kwa kufuli. Hatukukatazwa kushiriki. Tulikosa watu waliosomea kuendesha kitu kama kile kutoka upande wa kwetu, na watu hao tutaendelea kuwakosa kama hakuna darasa linalowatoa.

Waliofanya hili kwa ukubwa wa ajabu ni watu wa fizikia. CERN, maabara ya fizikia ya chembe kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, walipokuwa wanajenga LHC, mtambo wa kugonganisha chembe, waliona mapema kwamba data zitakazotoka hazitabebwa na kituo kimoja cha kompyuta, wala hela ya kukijenga isingepatikana sehemu moja, wakatengeneza mtandao wa vituo kama 170 kwenye nchi zaidi ya 40, CERN katikati, vituo vikubwa vya kitaifa vinafuata, halafu vyuo na taasisi ndogo ndogo. Chembe ya Higgs ilipotangazwa tarehe 4 Julai 2012 hesabu zake zilikuwa zimepita kwenye mtandao huo, na Afrika Kusini nao wamo ndani kupitia kituo chao cha Cape Town. Kwenye kazi ya kuandika programu na kukesha na mitambo wanafunzi wa PhD nao wamo. Wengi wao hata hawakubaki kwenye fizikia, wakaingia hospitalini, benki, kampuni za data, na elimu ile wakaenda nayo. Na wakati wa corona, mradi wa Folding@home, unaoigiza protini kwa kutumia kompyuta za watu wanaojitolea, ulipata watu wengi kiasi kwamba Machi 2020 ukavuka kiwango cha exaflop, yaani hesabu bilioni mara bilioni kwa sekunde, kabla kompyuta yoyote moja duniani haijafika hapo. Zile zilikuwa kompyuta za majumbani.

Niseme na upande wa pili maana sitaki mje mniambie nimewauzia ndoto. Sio kila kazi inagawanyika. Modeli ya malaria inagawanyika vizuri kwa sababu kila jaribio linajitegemea. Modeli ya hali ya hewa ni habari nyingine, unakata anga vipande vipande na kila kipande lazima kiongee na jirani yake kila hatua, upepo unaotoka huku unaingia kule, hapo waya wa kawaida wa maabara utakuangusha, kompyuta zitakaa zinasubiriana kuliko kufanya kazi, ndo maana wenye kazi hizo wananunua mashine zenye mtandao wa ndani wa kasi sana kama InfiniBand. Ila hata hapo kuna kipande kinachogawanyika. Kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, hakiendeshi utabiri mmoja, kinaendesha na mingine 50 inayoanza na hali tofauti kidogo, ili wajue utabiri ule una uhakika kiasi gani. Kimbunga Hidaya kilipotujia Mei 2024, watu wa Mafia na Lindi walihitaji kujua kitapita wapi na uwezekano ni kiasi gani wa kupita kwingine, na uchambuzi wa njia hizo nyingi zilizotabiriwa baada ya kuzipata unaweza kabisa kufanywa na mashine za kawaida. Sasa nani anayejua kazi ipi inafaa maabara ya chuo, ipi iombewe muda Cape Town, ipi ni bora kukodi seva kwa wiki mbili halafu ukaachana nayo? Huyo ndo mtu nayetaka masomo haya yamtoe. Bila huyo hata tukinunua mashine ya mabilioni tutaipa kazi ambazo laptop ingezimudu, na kazi inayoihitaji kweli itakosa mtu wa kuiandika.

Kuna mfano ulio karibu na sisi. Kompyuta ya Ranger ya Chuo Kikuu cha Texas pale Austin ilizinduliwa 2008, ndani yake kompyuta 3,936 zimeunganishwa kuwa kitu kimoja, ikastaafishwa 2013, na badala ya kwenda chuma chakavu sehemu yake ikasafirishwa mpaka CHPC, kile kituo cha kompyuta za kasi cha Afrika Kusini pale Cape Town, ili makabati yake yagawiwe vyuo vya Afrika. CHPC hawakuishia kugawa makabati, kwenye mradi ule wanafundisha na watu wa kuyaendesha, jinsi ya kufunga mfumo endeshi wa Linux, kupanga foleni, kujua kipi kimekufa na kipi kimezidiwa joto. Hao hao CHPC wanachukua wanafunzi wa vyuo vya kawaida, wengine hawajawahi kugusa klasta (kompyuta nyingi zilizofungwa pamoja zifanye kazi kama moja) maishani, wanawapika kwa miezi, na timu yao imekwenda Ujerumani kwenye mkutano wa ISC, mashindano ya wanafunzi ya kuendesha klasta, ikashinda ya kwanza duniani 2013, ikarudia 2014, 2016 na 2019, mbele ya vyuo vya China, Marekani na Ulaya. Ni vijana wa Afrika hii hii, tena SADC ambayo na sisi ni wanachama. Mimi naamini kijana wa Mbeya au wa Pemba akipata mafunzo yale anafika pale pale.

Sasa hayo masomo yaweje. Kwa maoni yangu chuo kimoja kisiachiwe peke yake. Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha ni ya masomo ya juu tangu ilipoanza, inaweza kuratibu. Dar es Salaam na Dodoma wana watu wa kompyuta, SUA Morogoro wana magonjwa ya mifugo na mazao, MUHAS wana tiba, Zanzibar wana bahari. Mwanafunzi asajiliwe chuo chochote kati ya hivyo lakini masomo ya msingi wayasome pamoja kwa mtandao. Hili limeshafanyika Afrika na limewezekana, mtandao wa H3ABioNet wa bioinfomatiki, yaani kuchambua data za jeni kwa kompyuta, ulianza 2016 kuendesha kozi ambayo mwalimu anafundisha akiwa nchi moja na madarasa yako nchi nyingi, kila darasa lina wasaidizi wake wa kumshika mkono mwanafunzi akikwama. Na majirani wana vitu vya kujifunzia, ILRI Nairobi, taasisi ya utafiti wa mifugo, wana klasta yao, icipe, ya utafiti wa wadudu, wako na mafunzo ya bioinfomatiki, Makerere wana kituo cha bioinfomatiki chenye kompyuta za nguvu. Tukaongee nao.

Kila mwanafunzi awe na wasimamizi wawili na hili TCU naomba mliweke kwenye mwongozo kabisa. Mmoja wa kompyuta, mmoja wa sayansi yenye swali. Hivi sasa tunavyoenda, mwanafunzi wa masta ya kompyuta anatengeneza mfumo wa kusajili kitu fulani au app ya simu, anadifendi, mfumo unakufa wiki ya pili kwa sababu hakuna aliyeuomba. Huku jengo la pili mwanafunzi wa jenetiki ana data zimekaa kwenye diski ya mkononi mwaka mzima hajui azifanyeje. Jenomu ya mtu mmoja, yaani vinasaba vyake vyote, ikisomwa kwa kina cha kawaida cha utafiti, data zake ghafi ni kama gigabaiti 100, laini ya megabiti 10 kwa sekunde inahitaji karibu siku nzima kuzihamisha hata kama haikatiki, na huyo ni mtu mmoja, utafiti una watu mia. Mtu aliyesomea mambo haya hataanza na kuhamisha data, atapeleka programu zilipo data, atazikata, atajua kazi ngapi zimekwama na kuzirudisha foleni zenyewe bila yeye kukesha. Wakutanisheni hawa wawili tasnifu ziwe na mwenyewe anayezisubiri.

Na hapa nifike kwenye jambo ambalo naona ndo gumu kuliko yote, kuliko hata hela. Huyu mhitimu ataajiriwa kama nani? Chuoni kuna ngazi ya mhadhiri, anapanda kwa machapisho, na kuna Afisa TEHAMA, anashughulika na WiFi, printa, mfumo wa matokeo, na kompyuta ya mkuu wa idara ikigoma. Mtu anayetunza klasta ya utafiti, anayeandika programu ambayo watafiti kumi wanaitegemea, hana nafasi kwenye muundo wa utumishi. Akikaa upande wa wahadhiri ataambiwa hana machapisho maana jina lake liko kwenye shukrani tu, akikaa TEHAMA ataitwa akarekebishe projekta. Uingereza walikuwa na shida hii hii, tangu 2012 watu wakaanza kudai jina na ngazi ya injinia wa programu za utafiti na leo vyuo vingi kule vina vikundi vyao kamili. Mimi nawajua vijana waliosoma nje, Trieste pale Italia taasisi za ICTP na SISSA wana masta ya kompyuta za kasi, Edinburgh nao wanayo, wamerudi nyumbani na moyo wote, wakapewa meza na kazi ya kuweka taarifa kwenye mfumo, mwaka haujaisha wameondoka. Siwalaumu. Mheshimiwa Waziri, hili haliwezi kufanywa na mkuu wa chuo, linahitaji ninyi mkae na Utumishi muandike kada mpya, na iandikwe kabla darasa la kwanza halijahitimu.

Najua nitaambiwa umeme. Umeme ukikatika ndo mfumo wa aina hii unaonyesha faida yake, kompyuta moja kubwa ikizimika kazi yote imelala, lakini kompyuta za Morogoro zikizimika kazi zake zinarudi foleni na za Arusha zinazichukua, programu nyingi zinahifadhi hatua ilipofikia kila baada ya muda inaanzia hapo. Bili itaongezeka, hilo kweli, basi iingizwe kwenye bajeti za miradi ya utafiti kama tunavyoingiza mafuta ya gari. Intaneti, vyuo vina TERNET, mtandao wa vyuo na watafiti, na mkongo wa taifa upo, na kazi kama ile ya malaria inatuma faili dogo na kurudisha faili dogo. Usalama, kazi ya mtu mwingine inafungiwa kwenye boksi lake ndani ya mashine isiweze kuona faili za mwenye kompyuta, hayo pia yanafundishwa. Kwa hiyo vikwazo vya kiufundi vipo ila vina majibu yanayojulikana.

COSTECH nawaomba mtenge sehemu ya fedha za utafiti kwa jambo hili kwa miaka mitano mfululizo, sio mradi wa mwaka mmoja na warsha ya uzinduzi. Anzeni na vyuo vitatu na maabara moja kila chuo. Wanafunzi wa kwanza wasizidi ishirini, wote wawe na ufadhili kamili maana ada ya masta ukijilipia huku unafanya kazi ya mchana, usiku hubaki na akili ya kuandika programu. Kila chuo kiajiri mtu mmoja wa kudumu wa kutunza mfumo. Matumizi yawekwe wazi, saa ngapi kompyuta zimefanya kazi, kwa swali la nani, tasnifu ipi imetoka, watu wote tuone.

Na Makamu Wakuu, kuna sehemu ambayo haihitaji kusubiri wizara wala bajeti. Mkiruhusu maabara moja ibaki inawaka usiku, na mkampa mwanafunzi mmoja wa PhD na fundi mmoja wa TEHAMA ruhusa ya maandishi kufunga HTCondor humo, muhula ujao kuna mtafiti kwenye chuo chako atakuwa anatumia mashine hizo. Mimi niko tayari kuja kusaidia kufunga, chuo chochote, nauli najilipia.

Wenu mtiifu,
Mhitimu wa masta ya hisabati, mwalimu wa sekondari, Morogoro